Fulana za Kilambwe

Turffontein, Johannesburg
Tarehe 3 Septemba 2023

Mdogo wangu Arlène,

Amani ya Bwana iwe kwako na kwa Mama. Barua hii anakuletea Mama Benita, yule wa vitenge, tunayesali naye. Usimwache aondoke bila kula. Simu nimepiga mpaka nimechoka. Tangu mnara wenu uanguke nampata tu yule mwanamke wa mashine anayeniambia nijaribu baadaye, na hiyo baadaye haifiki.

Huku tuko wazima kwa neema. Bertrand bado analinda geti Braamfontein. Chloé anasoma. Mimi kila asubuhi napanda taxi kwenda Doornfontein, kwenye kachumba kangu ka kushonea, ghorofa ya chini, hakana hata dirisha. Umeme ukikatwa tunakaa kama Yona tumboni mwa samaki.

Sasa nikueleze kinachonikosesha raha. Kaka Gaston ameniandikia kwamba anagombea bunge la jimbo, kiti cha Kilambwe, na anataka nimshonee fulana za kola zenye sura yake kifuani. Ni kaka yetu mkubwa, nikasema ndiyo. Wiki hiyohiyo Ezéchiel, kaka wa Bertrand mume wangu, naye akaandika. Anagombea kiti hichohicho. "Shemeji, wewe ni mke wetu, tushonee fulana." Nikasema ndiyo. Ningesemaje? Mmoja nimezaliwa naye Kilambwe ya Juu, mwingine nimeolewa kwao Kilambwe ya Chini. Hakuna kati yao anayejua kwamba namshonea na mwenzake, na wewe usiseme.

Jana Chloé alinikuta nakata kola za watu wawili. Akauliza, kwa Kiingereza chake, "Mama, wanagombania nini na kiti ni kimoja?" Nikamwambia, ndiyo hiyo sababu.

Ikabidi nimwanzie mbali. Nikamwambia: mwaka 2006, kabla ya kura ya kwanza, wazee wa Kilambwe ya Juu na wa Kilambwe ya Chini walikutana darajani, mbele ya nyumba ya bibi yako. Wakala mbuzi mmoja, wakapatana: safari hii mtu wa Juu, safari ijayo mtu wa Chini. Hata watu wa Chini walimpigia kura yule mwalimu wetu wa Juu. Nami nilipiga, ndiyo kura yangu ya pekee maishani. Halafu 2011 wakachagua rais na wabunge wa taifa, lakini kura ya bunge la jimbo haikuitishwa. Mwalimu akakaa palepale mpaka 2018. Aliingia na ndevu nyeusi akatoka nazo nyeupe. Ndipo Chini wakapata zamu, vijana wa Juu wakasema wameibiwa, mawe yakaruka, kisha moto. Nyumba ya bibi yako ikaungua kwa sababu iko katikati. Moto haukuuliza ni ya nani.

Mtoto akafikiri. Akasema, "Ni kama umeme wetu." Huku umeme wanaukata kwa zamu, mtaa huu kisha mtaa ule. "Mtaa mmoja umekaa na taa zamu mbili, sasa wa pili nao unataka mbili." Arlène, Kiswahili huyu anasikia tu, kukiongea ni taabu, lakini wanasiasa wetu wote hawajanieleza vizuri hivyo.

Mimi nataka kujua jambo moja. Siku ya kura, Mama atakuwa wapi? Nyumba mliyomjengea imesimama palepale darajani. Mtoe, mdogo wangu. Mtoe mapema.

Ni mimi dada yako anayekuombea,
Marcelline


Kilambwe ya Juu
Tarehe 1 Oktoba 2023

Yaya Marcelline, dada yangu mkubwa,

Umeandika kurasa tatu kufikia swali moja. Hujabadilika. Mama Benita amekula, amebeba na mihogo.

Hiyo hesabu yako na Chloé, huku ndiyo chakula chetu cha asubuhi na jioni. Watu wa Juu wanasema: tulipiga kura mara moja, basi ni zamu moja, Chini nao wamepata moja, sasa ni sisi. Watu wa Chini wanasema: mlikaa zamu mbili, na sisi mtuachie ya pili. Juzi nilimsikia kinyozi wa sokoni akimwambia mteja, "Ukikaa kwenye kiti changu kutwa nzima kwa sababu umeme umekatika, utasema umenyolewa mara ngapi?" Mteja akamjibu, "Nitasema sijanyolewa kabisa." Watu wakacheka mpaka wakakumbuka barabara yetu, ambayo miaka yote hiyo haijatengenezwa.

Kaka Gaston hatembei tena, anapita. Ukimwita Gaston hageuki, ukimwita Honorable anageuka mwili mzima. Duka la dawa amemwachia mkewe.

Kuhusu Mama usiwe na hofu. Ameshahamia kwangu, analala na watoto, anawanyima usingizi kwa nyimbo zake. Kwa hiyo lala, Yaya.

Mdogo wako,
Arlène


Kilambwe ya Juu
Tarehe 14 Oktoba 2023

Kwa mpendwa mdogo wangu Marcelline,

Nakusalimu kwa jina la Mwokozi wetu na kwa jina la maendeleo ya Kilambwe.

Kampeni inafunguliwa tarehe kumi na tisa ya mwezi ujao. Fulana zifike kabla ya hapo. Sura yangu iwe kubwa, na tafadhali mwambie yule mtu wa kuchapa asinipunguze shingo. Wapinzani wanasema sina shingo.

Nimesikia maneno kwamba Ezéchiel naye anasubiri mzigo kutoka Sauzi. Sitaki kuamini kuwa kuna mtu wa damu yangu anayeweza kumvika adui. Najua huwezi.

Vijana wangu wako tayari. Safari hii hatutaonewa.

Kaka yako,
Gaston, mgombea namba 14


Turffontein
Tarehe 5 Novemba 2023

Arlène mpenzi,

Mizigo imeondoka juzi. Nimewakabidhi madereva wawili, mmoja anapita njia ya milimani mpaka Juu, mwingine njia ya bondeni mpaka Chini, kama tunavyofanya siku zote. Kaka nimemwandikia mistari miwili tu: fulana zinakuja, shingo ipo. Kuhusu Ezéchiel sikuandika kitu. Kunyamaza siyo kudanganya, nadhani. Nimemuuliza mchungaji, naye akanyamaza.

Unajua desturi ya mizigo ya uchaguzi. Huwezi kumpa dereva fulana yenye uso wa mtu, maana kila dereva ana mtu wake, na njiani kuna vizuizi vyenye watu wao. Kwa hiyo nguo tunazigeuza ndani nje, tunazikunja uso ukiwa tumboni, kisha gunia linashonwa mdomo lisifunguliwe. Alama ni uzi tu. Uzi wa kijani Juu, uzi wa bluu Chini. Na madereva niliwaambia hivyohivyo, kijani huku, bluu huku.

Nilikuwa katikati ya kushona magunia umeme ukakatwa. Mchana kweupe, lakini kwangu ni giza la kaburi. Dereva wa kwanza anapiga honi, ameegesha pabaya, robot ya pale kona, ile taa ya kuongozea magari, ikiwa nayo imezimika na magari yamejaa. Nikawasha taa ya simu nikaendelea. Nilipomaliza niliweka mikono juu ya magunia yote mawili nikaomba: Bwana, mimi nimeshona tu, wewe uwazuie mikono. Ndipo nikamwita dereva.

Ibada ya Jumapili ingekuchekesha. Nusu yetu ni Juu, nusu Chini. Mchungaji akasema tuombee uchaguzi wa nyumbani bila kutaja majina. Basi mama mmoja wa Chini akaanza kuomba kwa sauti, "Bwana, mkumbuke yule mtumishi wako mrefu." Na wa upande wetu akapaza zaidi, "Bwana, usiangalie urefu." Mungu amesikia wote wawili, maskini.

Mwambie Mama nampenda. Nashukuru sana yuko kwako, hujui mzigo ulionitua.

Marcelline


Kilambwe ya Juu
Tarehe 29 Novemba 2023

Marcelline,

Umenifanya nini?

Nimefungua gunia mbele ya watu, mbele ya wazee, mbele ya kwaya. Nimetoa fulana ya kwanza, nimeigeuza, nimeinyanyua juu nikasema, "Tazameni sura ya Kilambwe mpya." Ilikuwa sura ya Ezéchiel. Inacheka.

Kwa hiyo ulimshonea. Hilo tutaliongea siku nyingine. Kwa sasa zangu ziko kwake na zake ziko kwangu, na kubadilishana haiwezekani. Vijana wangu wamefunga daraja kwa magogo ili kitu cha Chini kisipite, na vijana wake wamefunga upande wao ili kitu cha Juu kisipite. Kuzunguka ni safari ya wiki nzima na mvua imekata njia.

Nimeamuru zichomwe. Wanawake wamekataa. Mke wangu mwenyewe amesema, "Nguo mpya, pamba nzito, kola imeshonwa kwa mkono, uichome kwa ajili ya uso?" Wakagawana. Sasa nikitembea katika ngome yangu naangaliwa na Ezéchiel kila pembe. Walianza kwa kuzivaa ndani nje, wakasema mshono unawawasha, wakazigeuza.

Sijui kama ulitumwa. Sitaki kujua.

Gaston


Turffontein
Tarehe 15 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Barua ya Kaka imenifikia jana kwa mkono wa dereva. Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nyuzi, Arlène. Kwa taa ya simu kijani na bluu ni ndugu mapacha.

Nilidhani Ezéchiel naye atanitukana. Yeye ameandika mistari mitatu: "Shemeji, asante kwa mzigo. Mama yangu amevaa sura ya kaka yako na anasema ni mwanaume mzuri kuliko alivyofikiri. Nifanye nini?" Bertrand alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikuweza.

Kwa sababu nafikiri hivi. Watu waliokwisha kukasirika nimewaongezea aibu, na mtu mwenye aibu anarusha jiwe haraka. Ikitokea damu darajani, ni mkono wangu ulioshona. Nimefunga tangu jana, natumia maji tu. Chloé ananiletea chai, nairudisha, anasema, "Eish, Mama, God amekusikia jana." Jumatatu kampeni inafungwa, halafu kura. Najua barua hii itakufikia yakiwa yamekwisha, yoyote yatakayokuwa. Naandika tu kwa sababu siwezi kukaa na mikono mitupu.

Kitu kimoja kinanishikilia: Mama hayuko pale. Yuko kwako, juu kabisa, karibu na parokia. Nikifika hapo katika mawazo yangu napumua.

Niandikie siku hiyohiyo.

Marcelline


Kilambwe, darajani kwa Mama
Tarehe 27 Desemba 2023

Yaya wangu,

Soma ukiwa umekaa. Lakini usiogope, naandika nikiwa nacheka.

Kwanza nikuambie nilichokuficha. Mama hakuhama. Hakuhama hata siku moja. Nilimwendea mara ngapi sijui, akaniambia, "Nyumba iliungua nikiwa kanisani. Safari hii nitakuwa mlangoni, wanichome na mimi, waone kama watalala." Nikakudanganya ili wewe ulale. Tangu kampeni ianze nilikuwa nashuka kulala naye, mume wangu anajua. Utanisamehe, au utaniandikia kurasa tatu za Biblia kisha utanisamehe.

Siku ya kufunga kampeni, mchana, walikuja. Wa Juu wakishuka na mapanga na mawe, wa Chini wakipanda na fimbo. Mama yuko kwenye kigoda chake mlangoni, anamenya viazi. Mimi nilikuwa ndani, nimeshika ndoo ya maji kana kwamba ndoo moja ingezima kitu.

Wakakutana katikati ya daraja, kila upande nyuma ya magogo yake. Wamelala kwenye vizuizi vile wiki nzima na mvua, na wote walikuwa wamevaa nguo nzito kuliko zote walizonazo. Zako.

 Aliyekuwa mbele upande wetu ni Sagesse, mtoto wa seremala, jiwe limeinuka mkononi, kifuani ana Ezéchiel anacheka. Mbele yake amesimama Burhani, yule mwenye duka la baiskeli, tumbo limejaa, na juu ya tumbo uso wa kaka yetu umetanuka kama mwezi. Sagesse akaangalia. Mkono haukushuka wala haukurusha.

Burhani akamwambia, "Rusha basi. Mpige bosi wako."

Sagesse akasema, "Vua kwanza hiyo fulana."

"Vua wewe kwanza. Unamtoa Ezéchiel jasho."

"Siwezi kuvua, chini sina kitu."

"Na mimi unafikiri nina nini?"

Mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa tunampiga nani?"  Yaya, ukitaka kumrushia jiwe mtu wa Chini, linakwenda moja kwa moja usoni mwa Gaston. Wakitaka kutupiga sisi, wanampiga mtu wao. Hata kwa mganga hutaki picha ya mtu wako iguswe namna hiyo.

Ndipo Mama akanyanyua kichwa kwenye viazi. "Vueni wote, mniletee nifue," akasema. "Zinanuka."

Ni Burhani aliyeanza kucheka. Kicheko chake kilimtingisha Kaka Gaston kifuani, shavu linapanda, linashuka, na Sagesse akashindwa kujizuia. Basi ikawa imekwisha. Mtu akasema kwa nini tusibadilishane, kila mmoja achukue yake. Wakaanza, lakini magogo yalikuwa katikati, wakayasogeza. Kisha ikaonekana za Sagesse na wenzake hazimwingii Burhani. Wakabishana saizi mpaka Mama akaleta viazi. Waliobadilishana ni wachache, wengi wamebaki walivyokuwa. Magogo, Mama amesema yasirudishwe, ni kuni zake. Tunapikia mpaka leo.

Kura zimepigwa kwa amani. Mashine ya kura, unajua, inakuonyesha sura, unagusa unayemtaka. Mama alitoka amenuna. Nikamuuliza amemchagua nani. Akasema, "Nimemgusa yule ninayemwona kila asubuhi." Nyumbani kwake, Yaya, majirani wa pande zote mbili wanapita. Sikuweza kujua ni nani.

Nyumba imesimama. Mama anakoroma hapa nyuma yangu.

Arlène


Turffontein
Tarehe 14 Januari 2024

Arlène, wewe mwongo niliyepewa na Mungu,

Kurasa tatu za Biblia zinakuja. Kwa sasa nimekusamehe.

Mama Benita alinikuta Doornfontein. Alipoona uso wangu akasema, "Soma kwanza mwisho." Nikasoma "Mama anakoroma" nikaweka kichwa juu ya cherehani nikalia mpaka kitambaa cha mteja kikalowa, gauni la harusi. Nimemwambia ni mvuke wa pasi.

Jioni niliwasomea Bertrand na Chloé. Mtoto amenitaka nirudie pale pa "Unamtoa Ezéchiel jasho" mara nyingi, akaisema mwenyewe kwa Kiswahili, yote, bila kukosea. Baba yake akamwangalia kama aliyeona muujiza. Tumekula, tumeimba. Umeme ulikatwa katikati ya wimbo wala hakuna aliyeacha kuimba.

Unaniuliza bila kuuliza, najua, na Kaka aliandika wazi: je, nilifanya makusudi? Nakuambia kama nitakavyomwambia Bwana siku ile: sikufanya. Ningejua kufanya hivyo nisingekaa na njaa wiki ile. Niliomba azuie mikono, sikujua ataanza na wangu.

Sasa nasubiri matokeo, lakini nasubiri kama mtu anayesubiri mvua akiwa ndani. Ashinde yeyote. Niambie tu Kaka yuko vipi.

Marcelline


Kilambwe, darajani
Tarehe 4 Februari 2024

Yaya,

Matokeo yametoka, redio imesema. Kiti ni cha Ezéchiel.

Nilifunga mlango niliposikia, desturi tu. Nje kimya. Baadaye tukaambiwa kura zilivyokwenda. Chini, Kaka Gaston amepata kura ambazo hakuna mtu wa Juu aliyezipata huko tangu mwalimu wa 2006. Na huku Juu, Ezéchiel amevuna kwetu mpaka kwenye kituo cha parokia. Wazee walikaa na hizo fulana wiki tatu, wakafika kwenye mashine wakagusa uso wanaoufahamu. Bibi mmoja wa jirani alipoulizwa akasema, "Huyu nimelala naye, yule mwingine simjui," na mumewe yuko pale.

Kwa hiyo watu wa Juu wangepiga kelele kwamba wameibiwa na nani? Na wa Chini wangejisifu kwa nini, wakati mtu wao ameingizwa na sisi?

Kaka alijifungia siku mbili. Ya tatu alishuka hapa darajani kwa miguu, bila kupita, akitembea. Ezéchiel naye alikuwa amekuja kumsalimu Mama. Wakaangaliana. Ezéchiel akasema, "Honorable." Kaka akasema, "Honorable ni wewe." Ezéchiel akamjibu, "Basi wewe ni Gaston, karibu." Wakakaa. Wazee wakaitwa, mbuzi akapatikana, hesabu ya zamu ikaanza upya kutoka 2006, na walipofika 2011 wote wakaanza kupiga kelele kama kawaida, ila safari hii midomo imejaa nyama. Hawakumaliza. Nadhani hawatamaliza.

Kaka amerudi kwenye duka lake la dawa. Jana nilimkuta anampimia mtoto sirapu, amevaa fulana ya Ezéchiel, ndani nje. Nikamwambia haikuwashi? Akasema inawasha kidogo. Akasema pia kwamba tangu matokeo yatoke analala mpaka jua linamwamsha, mkewe anadhani ni ugonjwa. Nisikuambie, amesema. Nimekuambia.

Mama yuko hapa, ananisukuma kiwiko niandike maneno yake, kama alivyoyasema:

"Marcelline, binti yangu, mimi ni mzima na mlango wangu ni mzima. Fulana nimezipata mbili, ya kaka yako na ya shemeji yako, nimezishonanisha, ni pazia, upepo ukija wanapigana vichwa na mimi nalala. Uchaguzi mwingine wanasema ni 2028. Nikiwepo, nisipokuwepo, washonee tena wote wawili. Na umeme ukikatika, mwanangu, usingoje urudi. Endelea kushona."

Arlène, kwa niaba ya Mama